Jina la Ukoo Lisilo la Ukoo: Nasaba, Karani na Ardhi ya Nyalenda

Istilahi "jina la ukoo" imezoeleka katika Kiswahili kiasi cha kutotiliwa shaka. Watafiti wa nasaba huitumia kana kwamba maana yake i wazi: jina ambalo watu wa damu moja hurithishana kizazi hata kizazi na ambalo, likifuatwa kinyumenyume katika nyaraka, litamfikisha mtafiti kwa mzee wa kwanza. Makala haya yanaihoji istilahi hiyo kwa kuipeleka mahali ambapo haikuzaliwa, yaani Kisumu na ufuo wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya, na hatimaye katika mtaa wa Nyalenda, ambako jina lililoandikwa vyema lakini likasomwa vibaya laweza kumkosesha mtu kiwanja cha babu yake. Hoja inayotetewa ni kwamba, miongoni mwa Waluo, jina linaloitwa la ukoo ni jina la mtu mmoja tu, baba au babu fulani, lililogandishwa siku karani alipolitia wino. Anayelifuata madaftarini hufika kwenye meza ya karani huyo, na hapo njia hukatika.

Pwani ya Waswahili inatoa kipimo kizuri cha kulinganisha. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alikuwa na mwana aliyeitwa kwa jina la babu yake mzaa baba. Ndiye Ali Al'amin Mazrui (1933–2014), mwanazuoni mashuhuri wa siasa. Baba ni Al-Amin bin Ali, mwana ni Ali bin Al-Amin: majina ni yaleyale mawili, yamepinduliwa. Hata hivyo msomaji wa silsila hawachanganyi, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kijineno "bin", ambacho huonyesha nani kamzaa nani. Ya pili ni Mazrui, jina lisilogeuka, linalomtangulia baba na kumfuata mwana, na ambalo hakuna mtu mmoja katika nyumba hiyo anayeweza kudai kuwa ni lake peke yake. Hilo ndilo jina la ukoo kwa maana yake kamili. Silsila za masharifu wa Lamu na tarihi za miji, mfano wa Habari za Pate, zimesimama juu ya msingi huohuo. Kalamu na nasaba zilikua pamoja, kila moja ikijua mahitaji ya mwenziwe.

Waluo nao walikuwa na vyote viwili, kiunganishi na jina la ukoo, ila katika maneno yaliyosemwa. Mahali pa "bin" palikuwa na "wuod" kwa mwana wa kiume na "nyar" kwa binti. Mtoto alipewa jina la wakati au hali ya kuzaliwa kwake: Onyango wa asubuhi jua likipanda, Otieno wa usiku, Okoth wa mvua, Opiyo na Odongo pacha, Okello anayewafuata pacha, wasichana nao wakawa Anyango, Atieno, Akoth. Juu ya hilo liliongezwa jina la "juogi", jamaa aliyekwisha kufariki, ambaye iliaminika kuwa hudai jina lake liitwe tena, ama kwa kumjia mzazi ndotoni ama kwa kilio cha mtoto kisichonyamaza mpaka jina linalostahili litajwe. Matokeo ya utaratibu huu ni kwamba majina hayasafiri kwa mstari, huzunguka. Jina la babu hurudi kwa mjukuu au kwa kitukuu, na nyumba moja huweza kuwa na akina Onyango watatu katika vizazi vitano.

Ama ukoo wenyewe, "dhoot", jina lake halikuvaliwa na mtu. Lilivaliwa na ardhi. Kiambishi "ka-" hutaja mahali pa mtu au kwake mtu, na K'Ogelo ni kwa Ogelo, yaani nchi ya watoto wa Ogelo. Shadrack Malo alipoziandika koo za sehemu hizi katika Dhoudi mag Central Nyanza (1953), majina aliyoyakusanya yalikuwa ya namna hii. Vivyo hivyo Bethwell Ogot, ambaye History of the Southern Luo (1967) yake ndiyo iliyoyapa masimulizi ya wazee heshima ya ushahidi wa kihistoria, alilazimika kukusanya nasaba midomoni mwa watu, kwa kuwa hakuna daftari lolote la kikoloni ambalo lingempa orodha ya vizazi.

Madaftari yalikuja haraka. Reli ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mwaka 1901. Mwaka uliofuata eneo hilo liliondolewa katika himaya ya Uganda na kutiwa katika himaya ya Afrika Mashariki. Mwaka 1906 Church Missionary Society ikaanzisha kituo cha Maseno. Kodi ya nyumba, ubatizo, shule, na baadaye kipande, ambacho sheria yake ilipitishwa mwaka 1915 na kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kila kimoja kilitaka daftari, na kila daftari lilikuwa na safu ya majina. Katika safu hiyo "wuod" halikuwa na nafasi. Onyango wuod Okello akawa Onyango Okello, na sentensi nzima, Onyango ni mwana wa Okello, ikapunguzwa kuwa maneno mawili yaliyosimama ubavu kwa ubavu bila uhusiano unaotajwa. Aliyelelewa na lugha hiyo aliendelea kuusikia uhusiano ule hata ulipokwisha kuondolewa. Karani mgeni, au mjukuu aliyesoma Nairobi, aliona jina la kwanza na jina la ukoo.

Mfano ulio wazi zaidi umo katika familia inayojulikana kuliko zote Nyanza, na ambayo jina lake limepewa barabara kuu ya mji wa Kisumu. Oginga Odinga alizaliwa Sakwa, Bondo, mwaka 1911. Baba yake alikuwa Odinga, na baba wa Odinga alikuwa Raila. Kwa desturi, basi, yeye ni Oginga wuod Odinga, na baba yake ni Odinga wuod Raila. Mwaka 1945 Oginga alipata mwana akamwita kwa jina la yule mzee. Lau "wuod" lingalikuwa bado na nguvu, mwana huyu angalikuwa Raila wuod Oginga. Nyaraka zilimwandika Raila Odinga.

Hapo ndipo panapozuka kioja ambacho mtafiti wa nasaba hapaswi kukipita. Babu ni Odinga Raila; mjukuu ni Raila Odinga. Mpe sasa karani wa masjala kazi ya kupanga majina kwa alfabeti, jina la mwisho likitangulia. Mjukuu atakuwa "Odinga, Raila". Kinachomtenganisha na babu yake ni koma. Iwapo karani alikuwa na haraka, au wadudu wa karatasi, ambao Kisumu hawakosekani, wamekwisha kuila koma hiyo, watu wawili waliotenganishwa na kizazi kizima wamekuwa mmoja. Na kwa kuwa wote wawili ni wa nyumba moja na mahali pamoja, hakuna chochote katika daftari lenyewe kitakachomwamsha msomaji kuhusu kosa hilo. Kwa familia mashuhuri kosa husahihishwa na umaarufu wenyewe. Kwa familia isiyojulikana halisahihishwi na yeyote.

Kinyume chake pia hutokea: ndugu wawili hugeuka wageni. Kaka yake Raila kwa baba na mama, aliyezaliwa mwaka 1943, ni Oburu Oginga. Yeye alishika jina la baba, kama desturi ilivyotaka, ilhali mdogo wake na dada yao Ruth, aliyechaguliwa mwaka 2022 kuwa mwakilishi wa wanawake wa Kaunti ya Kisumu bungeni, wanajulikana kwa jina la babu. Raila alipofariki tarehe 15 Oktoba 2025 na Oburu, seneta wa Siaya, kushika uongozi wa chama cha ODM, msomaji asiyeijua Nyanza angeweza kudhani kwamba madaraka yametoka familia moja na kwenda nyingine. Yalitoka kwa mdogo na kwenda kwa mkubwa. Aidha Winnie Odinga, binti wa Raila aliyeingia Bunge la Afrika Mashariki mwaka 2022, amebeba jina la baba wa babu yake, jambo ambalo utaratibu wa "nyar" usingeliruhusu. Jina lililokuwa likizunguka limesimama, na mahali liliposimama panaonekana waziwazi: ni kati ya Oginga na wanawe.

Jambo hili linatoa mwanga mpya juu ya sehemu moja ya Not Yet Uhuru (1967), tawasifu ya Jaramogi. Humo anasimulia mzozo wake na wamishenari wa Maseno, alipokuwa mwalimu, kwa sababu alitaka wanawe wabatizwe kwa majina ya Kiafrika. Yeye mwenyewe aliyaacha majina yake ya ubatizo, Obadiah Adonijah. Kisa hicho kwa kawaida husomwa kuwa dalili ya mapema ya ukaidi wake wa kisiasa, na usomaji huo ni sahihi. Lakini mapambano yote yalikuwa juu ya jina la kwanza. Jina la mwisho lilipita mlangoni bila kuulizwa. Ukoloni ulioingia kwa jina la nabii wa Kiebrania ulionekana na kupingwa. Ule ulioingia kwa kufuta "wuod" haukuonekana, maana majina yaliyobaki yalikuwa ya Kiluo matupu, Oginga na Odinga, na masikio hayakusikia ugeni wowote. Sarufi ndiyo iliyokuwa imegeuzwa, na sarufi haipigi kelele kama msamiati. Pengine ndiyo sababu sifa aliyojulikana nayo uzeeni, Jaramogi, ina uzito wa pekee: kiambishi "ja-" kinamfanya kuwa mtu wa Ramogi, na kumrudisha kwa mhenga ambaye Waluo wa Kenya wanamtaja kuwa chanzo chao. Katika majina yake yote, hilo tu ndilo linalotaja asili ya pamoja.

Nasaba ya pili iliyokwisha kuwa mali ya wasomaji wa dunia ni ile iliyomo katika Dreams from My Father (1995) ya Barack Obama. Sura za mwisho za kitabu hicho zinaweka kando kwa kando aina mbili za kumbukumbu. Moja ni karatasi: kijitabu cha usajili wa watumishi wa nyumbani kilichokuwa cha babu yake, Hussein Onyango, chenye maelezo ya umbo lake, pamoja na maoni ya waajiri aliowapikia na kuwahudumia. Ya pili ni masimulizi ya nyanya, Mama Sarah, anayeanza mbali na kushuka mzee kwa mzee. Katika mteremko huo Ogelo anatajwa vizazi kadhaa kabla ya Opiyo, na Opiyo ndiye aliyemzaa Obama, na Obama ndiye aliyemzaa Onyango.

Mizani ya majina hayo ni ya kustaajabisha. Ogelo, ambaye nasaba nzima inamhesabia kuwa nguzo, hayumo katika pasipoti ya mtu yeyote. Yumo katika jina la mahali, K'Ogelo. Obama, mzee mmoja tu miongoni mwa wengi, ndiye aliyebahatika kuwa baba wa mtu aliyekutana na madaftari ya Wazungu, na jina lake likafika Hawaii, Chicago na hatimaye Ikulu ya Marekani. Mtafiti anayetafuta "ukoo wa Obama" katika kumbukumbu za Kenya anatafuta kitu kisichokuwako. Ukoo ni wa Ogelo. Inafaa kukumbuka pia kwamba Mama Sarah, aliyefariki Machi 2021, hakuwa amemzaa baba wa mwandishi, wala hakuzaliwa katika nyumba ile, aliolewa humo. Karatasi ya mume ilimhesabu meno, na mke aliyetoka nje ndiye aliyehifadhi nasaba.

Nafasi ya wanawake katika jambo hili inastahili zaidi ya sentensi moja. Kipande kilikuwa cha wanaume. Wanawake hawakulazimika kukibeba, na kwa hivyo hawamo katika akiba hiyo kubwa ya majina. Katika daftari la ubatizo huonekana kwa jina la kwanza, na baada ya ndoa kwa jina la mume. Hata hivyo, katika maongezi ya kila siku mke wa Kiluo huitwa kwa mahali alikotoka: Nyar Alego, Nyar Sakwa, Nyar Kano. Yaani mtu pekee katika boma anayeitwa hadharani kwa jina la ukoo wake ni yule aliyeuacha. Kama pana kitu katika Kiluo kinachokaribia Mazrui au Nabhany, ni hiki, nacho hakikuwahi kuandikwa katika safu yoyote. Mtafiti akitaka kujua familia mbili zilihusiana vipi miaka ya 1930, swali lenye manufaa kwa wazee ni "Bibi yako alikuwa nyar wapi?" kabla ya kuuliza babu aliitwa nani.

Mahakama zimekwisha kulikabili suala hili, ingawa si kwa jina lake. Wakili Silvano Melea Otieno alipofariki tarehe 20 Desemba 1986, mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika karibu na Nairobi. Waliompinga walikuwa Joash Ochieng' Ougo, ndugu wa marehemu, na Omolo Siranga kwa niaba ya ukoo wa Umira Kager. Kesi ilikwisha kwa mazishi ya Nyalgunga, Siaya, Mei 1987, na imeandikiwa mengi, hasa na Cohen na Atieno Odhiambo katika Burying SM (1992). Lakini tazama majina yaliyo juu ya jalada. Otieno na Ougo ni ndugu, na hakuna herufi inayolionyesha hilo. Siranga ni wa ukoo huohuo, na hakuna herufi inayolionyesha hilo pia. Mwenye jina sawa na la marehemu ni mmoja tu, mjane, Mgikuyu, ambaye ukoo ulidai kuwa hana sauti juu ya maiti. Umira Kager, jina lililoshinda kesi, halikuwa katika kitambulisho cha yeyote kati yao. Nasaba ilibidi ithibitishwe kwa ushahidi wa mdomo, mbele ya mahakama iliyozoea kuamini karatasi.

Nyalenda haina jalada mashuhuri kama hilo, ila ina mengi yasiyo mashuhuri. Mtaa huu unapakana na Milimani, makazi ya wakubwa tangu enzi za ukoloni, na kuteremka hadi Dunga kwenye ufuo wa ziwa. Mipaka ya manispaa ilipopanuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, mashamba yakawa mji bila wenyewe kuhama. Tofauti na mitaa mingi ya aina hiyo jijini Nairobi, ambayo imesimama juu ya ardhi ya serikali, sehemu kubwa ya Nyalenda ni milki binafsi ya familia za wenyeji, yenye hatimiliki. Nyumba za kupangisha zimejengwa juu ya mashamba ya mababu. Kila hatimiliki ina jina, na mara nyingi mwenye jina hilo amekwisha kufa.

Chukua mfano wa kubuni. Mzee Okello Onyango aliandikishwa kuwa mmiliki. Mwanawe alikuwa Onyango Okello, naye akampa mtoto wake jina la marehemu babu, kwa hivyo mjukuu ni Okello Onyango. Mjukuu huyu anapofika masjala ya ardhi, jina la hatimiliki na jina la kitambulisho chake ni mamoja. Anaweza kushukiwa kuwa anajifanya mzee aliyekufa. Anaweza pia kufanya hivyo kweli, na kuwadhulumu baba zake wadogo. Ndugu yake, aliyeandikwa shuleni kwa jina la ubatizo na jina lake la kuzaliwa tu, tuseme Peter Ochieng', ataulizwa ana uhusiano gani na marehemu. Dada yao, aliyeolewa na kuandikwa kwa jina la mume, ataulizwa swali hilo mara mbili, japokuwa Sheria ya Mirathi iliyopitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981 haibagui mtoto wa kike na wa kiume. Watatu hao ni wa tumbo moja. Kwa kipimo cha jina la ukoo, ni mmoja tu aliye mtoto wa nyumba, naye kwa sadfa ya juogi.

Dawa inayotumika ni ya namna mbili. Ya kwanza ni hati ya kiapo, ambamo mtu huapa kwamba majina mawili au matatu ni yake yote. Aghalabu hutosha kwa benki na kwa baraza la mitihani. Ya pili ni barua ya chifu. Mwombaji wa mirathi hutakiwa kuleta barua ya kuwataja waliobaki baada ya marehemu: wajane, watoto wa kiume, watoto wa kike. Barua hiyo fupi, yenye mhuri, ndiyo hati ya nasaba iliyo muhimu kuliko zote Nyalenda, na wahakiki wa fasihi simulizi hawajaipa jicho. Kabla ya kuandikwa huja kikao. Wazee wa mtaa huketi na familia, na nasaba husemwa kwa sauti: fulani wuod fulani, wuod fulani, mama yake nyar Kajulu, mke wa pili nyar Kano. Aliyesahau hukumbushwa, anayedanganya hukatizwa, na mjane mzee aliyekaa nyuma mara nyingi huwa ndiye anayetoa jina ambalo wanaume walikuwa wamelipoteza. Ni utendi wenye hadhira, ubishi na masahihisho, kama ule ambao Ogot aliukuta kwa wazee wake. Tofauti ni kwamba hapa kila jina linalotajwa lina futi kadhaa za ardhi nyuma yake, na hadhira inajua ni ngapi.

Kikao kikiisha, chifu humkabidhi karani orodha aipige chapa. Karani huweka nambari pembeni, kisha majina mawili mawili kwa kila mrithi, la kwanza na la ukoo. Wuod halimo.